Taichi bila usanii: mambo ya msingi kabla hujarusha hata ngumi moja



Kama huwa unapitia pitia video za mapigano kwenye intaneti, hii lazima umeshakutana nayo. Aprili 2017, mjini Chengdu, China, wanaume wawili walikutana kumaliza ubishi. Mmoja alikuwa Xu Xiaodong, mwalimu wa mapigano mchanganyiko kutoka Beijing. Wa pili alikuwa Wei Lei, aliyejitangaza kuwa bwana mkubwa wa taichi. Miaka miwili nyuma, 2015, televisheni ya taifa ya China ilimwonyesha Wei Lei akiwa na njiwa kiganjani, eti njiwa anashindwa kuruka kwa sababu ya nguvu za ndani za bwana huyo.

Pambano halikufika hata nusu dakika. Wei Lei alikwenda chini, akala ngumi mfululizo mpaka wakaamuliwa.

Video ikazagaa dunia nzima na watu wakagawanyika. Wa kwanza wakasema: mnaona, taichi ni uongo mtupu, ngoma ya wazee. Wa pili wakasema: huyo hakuwa bwana wa kweli, wa kweli wapo milimani wamejificha. Kwa maoni yangu wote wamekosea swali. Swali ni hili: mtu anayejifunza taichi kwa kweli anafanya nini kila siku, na kazi hiyo inampa nini? Ukijua hilo, hakuna atakayekuzuga, awe anauza miujiza au anatukana asichokijua. Haya, twende taratibu.

TAICHI NI NINI HASA?

Jina lake kamili ni taichi chuan, na Wachina wa leo kwa herufi zetu huandika taijiquan. Hilo neno la mwisho maana yake ni ngumi. Kwa hiyo kabla ya kuwa mazoezi ya wazee kwenye bustani za Beijing, hii ilikuwa ni sanaa ya kupigana, tena ya kijijini.

Wale mliokulia kwenye mabanda ya video mnaikumbuka sinema ya Jet Li ya mwaka 1993, ile ya Tai Chi Master, anapocheza kama mtawa Zhang Sanfeng. Sinema tamu sana, lakini hiyo ni hadithi. Ukifuata nyayo zenye ushahidi unaishia kwenye kijiji kimoja kinaitwa Chenjiagou, wilaya ya Wen, mkoa wa Henan. Hapo ukoo wa Chen ulikuwa unafundishana tangu karne ya 17, enzi za mwanajeshi mmoja wa ukoo huo, Chen Wangting.

Karne ya 19 alikuja mtu wa nje ya ukoo, Yang Luchan (1799–1872), akajifunza pale kwa Chen Changxing. Baadaye akaenda Beijing kufundisha kwenye nyumba za wakubwa. Mjukuu wake, Yang Chengfu (1883–1936), ndiye aliyeeneza ule mtindo wa taratibu na mapana ambao mtu yeyote anaweza kuufuata. Mwaka 1956 serikali ya China ikatoa mfululizo mfupi wa mikao 24 ili wananchi wafanye kwa ajili ya afya, na ndio huo unaouona sana kwenye picha za wazee asubuhi. Desemba 2020 UNESCO ikaiweka taichi kwenye orodha ya urithi wa dunia usioshikika.

Kule kijijini kwa akina Chen, mambo si ya taratibu tu. Wana mfululizo wa pili unaoitwa ngumi za mizinga: kuruka, kukanyaga kwa kishindo, kufyatua viwiko. Kwa hiyo ukisikia mtu anasema taichi ni polepole mwanzo mwisho, jua ameona nusu yake.

HIYO "NDANI" NI NDANI YA WAPI?

Taichi huwekwa kundi moja na xingyi na bagua, na kundi hilo huitwa sanaa za ndani. Mmoja wa watu waliolieneza sana wazo hilo ni Sun Lutang (1860–1933), ambaye mwenyewe alizijua zote tatu na kuziandikia vitabu.

Watu wengi wakisikia "ndani" wanafikiria siri au nguvu za giza. Wacha nikupe mfano wa mtaani. Gari limezimika barabarani, mnaliambiwa msukume. Anayesukuma kwa mikono anachoka baada ya hatua tatu. Mzoefu anafanyaje? Ananyoosha mikono, anaituliza, anainamia gari, halafu anasukuma kwa miguu. Nguvu inatoka ardhini, inapanda kwenye mapaja, inapita kiunoni na mgongoni, mikono kazi yake ni kuipitisha tu. Ukimwangalia kwa nje huoni kitu. Kazi yote iko ndani.

Basi taichi ni kujifunza kufanya hivyo katika kila upande: mbele, nyuma, kwa mzunguko, ukiwa unatembea, na hatimaye wakati mtu mwingine anajaribu kukuharibia. Polepole ipo kwa sababu ukienda haraka huoni ni wapi nguvu inavuja. Bega likipanda kidogo au nyonga ikikaza, hutajua mpaka upunguze mwendo.

MSINGI WA KWANZA: KUSIMAMA

Hapa ndipo vijana wengi wanapokimbia. Unaenda kwa mwalimu ukitegemea kufundishwa mateke, unaambiwa simama. Wachina wanaita kusimama kama nguzo.

Inafanywa hivi. Miguu iachane upana wa mabega, vidole vya miguu vitazame mbele. Kunja magoti kidogo tu, kama mtu anayetaka kukaa kwenye stuli ndefu halafu akasita. Utosi uende juu kama kwamba kuna uzi unauvuta kutoka dari. Kidevu kirudi ndani kidogo. Kifandugu, yaani ule mfupa wa mwisho wa mgongo, kining'inie chini, usibinue makalio. Mikono inyanyuke mbele ya kifua kama umekumbatia mti, viwiko vikiwa chini kuliko viganja. Pumua kawaida kwa pua. Tulia hapo.

Dakika ya kwanza utacheka. Dakika ya tatu mabega yataanza kuwaka, na ya tano mapaja yatatetemeka. Hayo ni mafunzo tayari. Mwili unakuonyesha ni misuli gani inafanya kazi isiyo yake. Bega linauma kwa sababu limebeba mkono peke yake badala ya kusaidiwa na mgongo.

Angalia mama anayetembea na ndoo ya maji kichwani bila kuishika. Shingo imenyooka, kichwa hakitikisiki, mawimbi yote ya hatua yanamezwa na nyonga na magoti. Hajasoma kitabu chochote cha taichi, lakini mkao wake ndio huo walimu wa Henan wanaoutafuta kwa wanafunzi wao.

MSINGI WA PILI: KULEGEA

Neno lao ni song, na ni gumu kulitafsiri. Ukisema kulegea, mtu anakuwa kama nguo iliyoloa. Hapana. Maana yake ni kuachia ule ukazo wa ziada ili mifupa isimame yenyewe na misuli ibaki tayari.

Umeshawahi kubeba mtoto aliyelala? Mtoto yule yule, akiwa macho ni mwepesi, akilala anakuwa mzito hata kumbadilisha bega ni kazi. Kilo hazijaongezeka. Ni kwamba hana sehemu iliyokaza ya kumshikia, uzito wote umeshuka chini. Sasa fikiria mtu ambaye mikono yake ni mizito namna hiyo, lakini miguu imesimama imara na macho yako wazi. Ukimsukuma hupati pa kushika, na mkono wake ukikulalia unahisi kama gunia.

Ndani ya huko kulegea kuna kitu kingine wanakiita peng. Ni ule mtanuko wa mpira uliojaa upepo: ukiubonyeza unabonyea, ukiachia unarudi. Mwili uliolegea bila peng ni mpira uliotoboka. Wenye ukazo nao ni jiwe, ukilisukuma linaanguka zima zima. Taichi inatafuta mpira.

MSINGI WA TATU: UZITO UJUE ULIPO

Simama wima, halafu hamishia uzito wote kwenye mguu wa kulia, polepole, mpaka wa kushoto uweze kunyanyuka bila mwili kuyumba. Rudi kushoto. Rahisi? Sasa fanya ukiwa umekunja magoti, kichwa kisipande wala kushuka, ukihesabu mpaka kumi kila upande. Hapo ndipo utajua kwamba siku zote ulikuwa unatembea kwa kuanguka mbele na kujidaka.

Wanaita mguu wenye uzito "uliojaa" na mwingine "mtupu". Mtu ambaye uzito umegawanyika nusu kwa nusu na amekaza ni rahisi kumwangusha, maana hana mguu wa haraka. Muulize konda wa daladala anayesimama bila kushika bomba wakati dereva anakata kona. Magoti yake yamelegea, na uzito unahama mguu hadi mguu kabla gari halijamrusha. Anasoma barabara kwa nyayo.

Baada ya hapo unajifunza kutembea, wanaita hatua za paka: kisigino kinagusa chini kwanza bila uzito, halafu uzito unamiminwa kama maji. Ukiweza kuirudisha hatua katikati bila kuanguka, umeipata.

MSINGI WA NNE: KIUNO NDIO DEREVA

Mkono hauendi peke yake, kiuno ndicho kinaugeuza. Akina Chen wana mazoezi maalumu wanayoyaita kuvuta uzi wa hariri. Uzi wa hariri unavutwa kutoka kwenye kifuko cha funza wake. Ukivuta kwa kishindo unakatika, ukisitasita unajisokota. Kwa hiyo mkono unachora duara moja, taratibu, bila kukatika, na duara hilo linaanzia mguuni, linazunguka kiunoni, linatoka begani, kwenye kiwiko, mpaka ncha za vidole.

Jipime mwenyewe. Simama mbele ya kioo, chora duara kwa mkono wa kulia. Kama kitovu chako kimebaki kinatazama mbele muda wote, ulikuwa unapunga mkono tu. Rudia, safari hii kitovu kiongoze na mkono ufuate. Dakika kumi kila upande kila siku zitakufaa kuliko kukariri mikao 24 kwenye video ukafanya yote kwa mabega.

MSINGI WA TANO: MTU WA PILI

Hapa ndipo Wei Lei na wenzake wengi wanapokwama. Taichi ina zoezi la wawili, kusukumana mikono. Mnagusana kwenye vigasha, mnazunguka, kila mmoja anatafuta mizani ya mwenzake. Akija kwa nguvu, unaipokea na kuipitisha pembeni. Akikaza, unamjua amekaza wapi. Ngozi inageuka kuwa jicho.

Mwanzo mnafanya kwa kukubaliana, hakuna anayeshinda. Baadaye lazima ufike wakati ambapo mwenzako anakataa kweli kweli kuanguka, na usipofika hapo umejifunza nusu. Kuna madarasa ambayo mwalimu akigusa tu, mwanafunzi anaruka mita tatu. Mara nyingi mwanafunzi hadanganyi makusudi. Amezoea, kama watu ofisini wanavyocheka utani wa bosi hata kama hauchekeshi. Tatizo ni kwamba mwalimu naye mwisho anaamini. Mei 2020 Ma Baoguo, mzee wa karibu miaka 70 aliyejiita bwana wa taichi, alipanda ulingoni na mtu asiyezoea kucheka utani wake. Akaenda chini mara tatu ndani ya nusu dakika.

MAGOTI YAKO, TAFADHALI

Hili nalisema kwa msisitizo maana wengi mnajifunza kwenye video bila mtu wa kuwasahihisha. Jeraha kubwa la taichi ni goti. Sheria ni chache: goti lielekee kule kidole gumba cha mguu kinakotazama, na lisipite ncha za vidole. Usilipinde goti kando wakati uzito umelikalia. Mzunguko utoke kwenye nyonga. Usishuke chini sana kwa sababu umeona picha za mabingwa wa Chenjiagou. Wale wameanza utotoni.

Paja likiuma, endelea kidogo. Goti likiuma, simama juu zaidi au acha kwa siku hiyo. Paja litapona kesho, ila goti unaweza kulijutia miaka.

NA HIYO CHI JE?

Chi kwa Kichina ni neno la kawaida, linaanzia kwenye hewa na pumzi, na madaktari wa jadi wanalitumia kueleza uhai unavyozunguka mwilini. Mwalimu akikuambia "shusha chi chini ya kitovu", mara nyingi anakupa picha ya kukusaidia: legeza kifua, pumua kwa tumbo, shusha uzito. Chukua hivyo na itakusaidia. Ukisimama dakika kumi viganja vikapata joto na kuwasha washa, usishtuke, usijitangaze. Mwili umetulia, damu inatembea, na akili yako leo imeisikiliza mikono.

Lakini yule anayesema chi yake itamrusha mtu bila kumgusa, mwambie amrushe mtu asiye mwanafunzi wake, mbele ya kamera. Utasikia sababu tu.

Wengine mnauliza kama ni dini. Falsafa ya yin na yang imo kwenye jina lenyewe na kwenye lugha ya walimu, na imetoka kwenye fikra za kale za China. Ila kusimama na kuhamisha uzito hakuna ibada wala kiapo. Ukikutana na darasa linalokudai kiapo au sadaka, mlango ni ule ule ulioingilia.

INASAIDIA NINI?

Upande wa afya kuna utafiti wa kueleweka. Mwaka 2012 jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha utafiti wa wagonjwa 195 wa ugonjwa wa Parkinson huko Oregon, Marekani. Waligawanywa makundi matatu: taichi, mazoezi ya kujenga misuli, na kujinyoosha, mara mbili kwa wiki kwa wiki 24. Kundi la taichi lilipata usawa mzuri zaidi wa mwili kuliko mengine, na walianguka mara chache kuliko wale wa kujinyoosha. Kwa hiyo kama una bibi au babu nyumbani anayeogopa ngazi, hii si habari ya China peke yake.

Upande wa kupigana, tuseme ukweli. Taichi itakupa mizani na mwili unaofanya kazi kama kitu kimoja. Haitakupa mazoea ya kupigwa ngumi usoni, hayo hupatikana kwa kupigwa ngumi usoni, kwa kiasi na kwa usalama. Januari 1954 huko Macau bwana wa taichi Wu Gongyi, akiwa na zaidi ya miaka 50, alipigana na Chan Hak-fu wa mtindo wa korongo mweupe, hadharani, kuchangia fedha. Filamu yake ipo. Ukiiangalia hutaona mikao mizuri ya sinema. Utaona watu wawili wanarushiana mikono, damu inatoka puani, na waamuzi wanasimamisha bila kutangaza mshindi. Hao walikuwa watu wa kazi hasa, na bado ilikuwa vurugu.

Kwa hiyo kijana, usije ukajifunza miezi sita kwenye video halafu ukasimama mbele ya mwizi mwenye panga ukitegemea peng. Mpe simu. Nenda nyumbani ukiwa mzima.

KABLA HUJATOA HELA YAKO

Ukipata mwalimu, muulize: nitaruhusiwa kusukumana na wenzangu wakinikatalia? Wewe mwenyewe unasukumana nao? Akikurekebisha, anakueleza goti liende wapi, au anakuambia tu uamini? Wanafunzi wake wa miaka mitatu wanasimama vizuri, au ni yeye tu anayeng'ara? Anauza vyeti na ngazi kila mwezi? Majibu ya maswali hayo yatakutosha.

Na kama huna mwalimu karibu, huna haja ya kusubiri. Dakika tano za kusimama, dakika tano za kuhamisha uzito, dakika kumi za duara la mkono. Kila siku, mwezi mzima, bila kuongeza kitu. Nafasi inayotakiwa ni ndogo kuliko mkeka, na viatu si lazima. Baada ya mwezi panda daladala iliyojaa, usishike bomba, usikilize nyayo zako. Utajua wewe mwenyewe kama kuna kitu.

Wanaofanya karate, judo, ndondi au wanaopinga kabisa, uwanja wa maoni uko hapo chini. Bishaneni kwa hoja, matusi nitayafuta. Na kama kuna mdau amewahi kujifunza kwa mwalimu wa kweli, atuambie miezi mitatu ya kwanza alifanyishwa nini. Hilo litawasaidia wengi kuliko video ya njiwa.